Punda Aliyekataa Kutazamwa

Punda wetu alishika mimba karibu na ile mvua iliyobomoa choo cha jirani, na hiyo ndiyo tarehe pekee tuliyokuwa nayo. Hapa Chechelesi punda hapelekwi kwa dume kama ng'ombe wa gredi. Unamfungua asubuhi akatafute majani kando ya barabara, jioni anarudi, na yaliyotokea katikati anayajua yeye. Mke wa mwanangu alipoona tumbo limeanza kushuka, tukakaa chini tuhesabu. Yeye alihesabu kwa Ramadhani, mimi nikahesabu kwa ile mvua. Hesabu zetu hazikukutana hata kidogo.

Akatafuta kwenye simu. Simu ikampa jibu zuri, na picha juu yake, lakini nilipoangalia picha nikaona ni farasi.

"Akoo, si ni ukoo mmoja?" akaniambia. Akoo ni bibi kwa Kiborana, na nyumbani kwangu wote wananiita hivyo, hata yeye tangu azae.

"Wewe na mimi tuko ukoo mmoja," nikamwambia. "Ulibeba mimba kama mimi?"

Yeye alibeba akilala kitandani mwezi mzima, na mimi nilibeba nikichota maji.

Lakini jambo lenyewe halikuwa la mchezo. Punda huyu alikuwa amepoteza watoto wawili. Wa kwanza alitoka kabla ya wakati, hana hata manyoya. Wa pili alizaliwa mzima mchana, nyuma ya nyumba, siku ambayo sote tulikuwa tumeenda msibani Leparua. Kila mtu alikuwa amesema bado, bado. Mbwa wa mtaani walifika kabla yetu. Tuliporudi tulikuta kwato.

Basi mwanangu akatoa neno lake. "Mama, akipoteza na huyu wa tatu, namuuza."

Punda asiyezaa na asiyevuta mkokoteni, sisi sote tunajua ananunuliwa na nani. Kuna madalali wanaozunguka wakitafuta punda kwa ajili ya ngozi, na hao hawaulizi kama ana tabia nzuri. Simlaumu mwanangu. Nyasi ilikuwa ya kununua, mkokoteni umeegemea ukuta, na mke wake alikuwa anabeba mtungi mgongoni kutoka kwenye bomba kwa sababu punda mwenye mimba kubwa hafungiwi mzigo. Lakini mimi nampenda yule punda. Hajawahi kumpiga mtu teke, na akisikia sauti yangu barabarani hugeuka hata kama yuko kwenye takataka tamu.

Nikamjibu mwanangu, "Huyu wa tatu utamwona akinyonya kwa macho yako."

Nilisema kwa hasira, na mimi nikishasema sirudi nyuma. Kwa hivyo kazi ikawa moja tu: nijue siku, na siku hiyo niwe pale na fimbo yangu.

Boma la punda liko pembeni ya uwanja. Upande mmoja ni mabati, upande mwingine ni miiba, na mlango ni kitanda cha chuma kilichovunjika miguu. Linaangalia moja kwa moja mahali ninapopikia. Mimi mwenyewe ndiye niliyelipanga hivyo, ili nimwone punda nikiwa jikoni. Niliona nimefanya akili kubwa.

Na kila asubuhi mimi hukaanga buna. Asiyeijua, ni kahawa nzima na ganda lake. Unang'ata ncha ya kila punje, unatia kwenye samli inayochemka, inapasuka, na harufu inatoka mpaka barabarani. Anayeisikia harufu hiyo ameshaalikwa. Anaingia, anakaa, tunaomba dua, anapewa punje zake na maziwa. Kumwondoa mtu kabla hajaonja ni aibu. Mama yangu angetoka kaburini anipige.

Waliokuwa wakija ni wanawake watatu. Mmoja ni jirani yangu Mturkana, tumezeeka tukitazamana mlango kwa mlango. Yeye anaenda kanisani, mimi naenda msikitini, na chumvi tunaazimana. Wa pili ni Msomali anayeuza maziwa ya ngamia, hupita kwangu kabla ya kwenda sokoni na madumu yake. Wa tatu ni Mmeru wa mboga, mdogo wetu, ana ng'ombe mmoja wa maziwa nyumbani na hamalizi sentensi bila kumtaja.

Hao walikaa mbele ya punda wangu kila asubuhi kama wazee wa baraza wanaosikiliza kesi.

"Angalia hapa kwa mkia," Mmeru alianza. "Imelegea. Ng'ombe yangu ikilegea hapa, kesho unakunywa maziwa."

"Ng'ombe yako, ng'ombe yako," Msomali akasema. "Walaal, ndugu yangu, hiyo ng'ombe yako siku moja itagombea ubunge. Sikiliza mimi. Ngamia akikaribia anajitenga. Anaacha wenzake, anaenda mbali anasimama peke yake. Huyu amesimama hapa anatuangalia kama askari wa geti. Wallahi hajafika."

"Nyinyi mnazalisha ng'ombe na ngamia," Mturkana akasema. Yeye ndiye mwenye punda tangu utoto wake, kwao punda ndiye aliyewabebea nyumba na watoto walipohama. "Hii ni punda."

"Basi tuambie wewe mwenye punda. Atazaa lini?"

"Punda haisemi."

"Hiyo ndiyo elimu yako yote?"

"Hiyo ndiyo elimu yote ya punda," akasema, akatupa punje mdomoni.

Tulicheka mpaka samli ikaungua. Lakini mimi nilikuwa upande wa Mmeru, ingawa sikumwambia. Mimi nimelelewa na ng'ombe. Ng'ombe najua kusoma kiwele chake hata gizani kwa mkono. Nilipoamka asubuhi moja nikakuta kiwele cha punda kimejaa, kimekaza, kinang'aa, nikatangaza: ni leo. Nikamwambia mke wa mwanangu asiende popote. Nikaweka kitambaa safi, nikaweka maji. Nilimwita hata mwanangu kwenye simu, alikuwa Kipsing na mbuzi, nikamwambia aanze kurudi.

Saa sita mchana nikaenda kumshika tena. Kiwele hakipo! Kimelala, laini, kama mfuko uliomwagwa unga.

Sasa mtu wa ng'ombe akiona kiwele kilichojaa asubuhi na mchana kiko tupu, anajua jambo moja tu. Nikachukua fimbo nikavuka barabara.

"Umekamua punda yangu?" nikamuuliza Mturkana.

Alikuwa anapepeta maharagwe. Aliinua uso polepole. "Nini?"

"Kiwele kilikuwa kimejaa. Punda nimemwachilia kidogo akanyooshe miguu, amerudi hana kitu. Na wewe juzi ulisema mjukuu wako ana kifaduro."

Wako watu wanaosema maziwa ya punda yanatibu kikohozi kile. Sikuwa natoa hewani.

Aliweka ungo chini. Alinitazama, halafu akaanza kucheka, kicheko kile cha tumboni kisicho na sauti, machozi yakamtoka. "Mborana wewe! Umekuja na fimbo! Nikamue punda, halafu hiyo chai niikoroge na nini, na kwato?" Akajipangusa. "Dada yangu, kaa chini. Mwanzo inakuwa hivyo. Ikisimama usiku kucha, kiwele inajaa. Ikitembea, inashuka. Inajaa, inashuka. Siku ile itatembea na haishuki, hiyo siku ndiyo uje na fimbo."

"Kwa nini hukusema mbele ya wale?"

"Waliniuliza atazaa lini. Hawakuniuliza atajaa lini."

Nilikaa nikamsaidia na maharagwe. Nilikasirika na pia nilifurahi, kwa sababu sasa nilikuwa na kitu cha kushika. Kila asubuhi nilimpapasa, nikamtoa atembee mpaka kwenye mti wa mgunga na kurudi, nikampapasa tena. Kinashuka. Kesho, kinashuka. Mke wa mwanangu naye alishikwa na ugonjwa huo huo. Akitoka kwenye bomba, kabla hajatua mtungi, anauliza, "Akoo, kimeshuka?" Mtaani wakaanza kuniuliza hivyo hivyo badala ya salamu. Hata imamu wetu, mtu mpole, siku moja aliniambia salaam aleikum, akasita, akatazama upande wa boma. Nikamwambia, "Bado, sheikh. Kinashuka." Akasema inshallah.

Mwanangu alikuja, akakaa, akaona hakuna kitu, akarudi kwa mbuzi. Alipokuwa anaondoka aliniambia kuna mtu amempigia simu kuhusu punda. Nikamwambia ampe mtu huyo salamu zangu na amwambie asivae viatu vizuri akija, kwa maana atakimbia.

Halafu ikafika.

Nilimtembeza asubuhi, akatembea kwa shida, miguu ya nyuma imepanuka. Tuliporudi nikaingiza mkono. Kimejaa kama nilivyokiacha. Nikainama kuangalia, na magoti yangu siku hizi hayapendi kuinama, nikaona kwenye kila chuchu kitone kimekauka, cha njano, kama nta kwenye sega la asali.

Nilipiga kelele. Sioni aibu kusema. Nilipiga kelele mke wa mwanangu akaangusha sufuria.

"Hakijashuka!"

"Hakijashuka?"

"Njoo uone! Leta mkono wako hapa!"

Alishika, akashika tena, akanikumbatia, kitu ambacho hatufanyi. Nikamwambia aache upuuzi, apigie mume wake. Kwa haraka yake akampigia fundi wa baiskeli.

Punda akaanza kazi. Akachimba chini kwa kwato. Akazunguka. Akageuza shingo akatazama ubavu wake kana kwamba kuna mtu amemgonga pale. Nyuma ya masikio jasho lilikuwa limelowesha manyoya. Nikaona mkia umeinuka. Nikasema, ya Rabi, ni sasa hivi.

Na hapo ndipo wale wanawake wakaingia, kwa sababu harufu ya buna ilikuwa imeshafika barabarani. Nilikuwa nimeweka samli na punje kwenye moto mdogo kabla sijampeleka punda kutembea. Mkono unafanya wenyewe, ni kazi ya maisha yote.

"Salaam aleikum! Kimeshuka?"

"Hakijashuka!"

Waliruka. Msomali aliacha madumu yake langoni, mtu ambaye hawezi kuyaacha hata akienda haja. Mmeru alikuja akifuta mikono, Mturkana nyuma yake. Wakajipanga mbele ya kile kitanda cha chuma wote watatu, na mke wa mwanangu akawa wa nne, na wapita njia wawili ambao sikuwajua kabisa wakaegemea mabati.

Punda akawatazama. Mkia ukashuka. Akavuta jani kavu kutoka kwenye miiba akaanza kutafuna.

Tukasubiri. Akatafuna. Mmeru akasema labda ilikuwa gesi. Nikawatuma wote wakakae kwenye mikeka, wakakaa, wakageukia huko huko wakimwangalia. Punda akatafuna tena. Mke wa mwanangu akawaita ndani waone kitambaa tulichoandaa, wakaingia wote, na hapo hapo nikaona punda amechimba, amezunguka, amepiga magoti mbele. Wakatoka. Akasimama wima, masikio mbele, anatafuna kitu ambacho hakikuwepo.

"Unaona?" nikamwambia Mturkana kwa sauti ya chini.

"Naona. Inafunga uchungu."

"Anaweza kufunga mpaka lini?"

"Sijui. Lakini ikifunga sana, mtoto inachoka huko ndani."

Nikamgeukia punda. Msomali alikuwa amesema kweli tangu siku ya kwanza, na sote tukamcheka: anajitenga. Huyu wangu angejitenga wapi? Mabati huku, miiba huku, na mbele yake baraza la wanawake na moto wa buna. Mimi mwenyewe nilizaa nyuma ya pazia, na mkunga mmoja, na mtu yeyote ambaye angekuja kuniangalia akila kahawa ningemrushia jiwe.

Kwa hivyo dawa ni kuwaondoa. Lakini buna ilikuwa inapasuka. Pa, pa, pa, kwenye sufuria. Wageni wamekaa, dua haijasomwa, mtu hajaonja. Mimi Mborana mzee niseme tokeni? Niliangalia punda, nikaangalia sufuria. Ningesema nini? Ningewaambia punda hataki kuwaona? Ni kweli, lakini ni maneno gani hayo ya kumwambia mgeni?

Nikavua shashi yangu ya kichwani, nikaikunja, nikashika sufuria masikio yote mawili, nikaitoa motoni.

"Wewe! Unaenda wapi na hiyo?" Mmeru akapiga kelele.

"Buna leo tunakula kwa huyu," nikasema, nikamwonyesha Mturkana kwa kidevu.

"Kwangu?" Mturkana akasema. "Kwangu sijafagia."

"Nitafagia mimi. Songa!"

Nikavuka barabara na samli inayochemka mikononi, kichwa wazi, na moshi unanifuata. Pikipiki ilisimama. Buna bado inapasuka, punje moja iliruka ikampata Msomali kwenye bega, akaapa. Lakini walinifuata, wote. Mtu mwenye adabu anaifuata buna iliyoanza. Hata wale wapita njia wawili walikuja, na mpaka leo sijui ni akina nani.

Niliweka sufuria kwenye mawe ya Mturkana, nikasoma dua haraka haraka kuliko nilivyowahi kusoma, nikawagawia. Nikamwambia mke wa mwanangu, "Wewe ndiye mwenye nyumba sasa. Mtu yeyote asivuke kurudi mpaka nipige kelele."

"Na wewe Akoo?"

"Mimi nimeshiba."

Sikuwa nimeonja hata punje.

Nilirudi, na sikuingia. Nilipita nje, nyuma ya mabati, mahali ambapo punda hawezi kuniona, nikakaa kwenye jiwe na mgongo wangu umegusa bati. Ukuta mwembamba hivi tu kati yetu. Fimbo kwenye mapaja, mawe matatu mkononi. Nikasikiliza.

Mimi ni mtu wa sauti. Watoto wangu wote wanaweza kushuhudia, na majirani pia. Nikikataza kitu huku, wanakiacha kule. Lakini siku ile nilijua nikikohoa tu, anafunga.

Mbwa walikuja wawili. Hata sijui wanapataje habari. Yule wa mbele alikuwa mwekundu, mwenye sikio moja, amenyoosha pua kuelekea boma. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe umtukane, nikaufunga. Nikarusha jiwe la kwanza, likampita. Akasimama, akanitazama, akashangaa, kwa sababu ananijua, na hajawahi kuniona nikirusha bila kusema neno. Jiwe la pili lilimpata mbavuni. Wakaenda mpaka kwenye shimo la takataka wakakaa wakinitazama. Nikawaonyesha la tatu.

Kisha akaja mtu wa pikipiki. "Mama, habari, nauliza nyumba ya..."

Nikamwinulia fimbo. Nikaweka kidole mdomoni. Nikakata shingo yangu kwa mkono, nikimaanisha yeye. Alirudisha pikipiki nyuma kwa miguu bila kuwasha, masikini, mpaka kwenye kona.

Nyuma ya bati nilisikia kwato zinachimba. Pumzi nzito. Kimya. Halafu kishindo, ardhi ikatikisika kidogo chini ya jiwe langu: amelala. Halafu maji, mengi kwa mara moja, kama mtungi uliopasuka.

Kuna tundu la msumari kwenye bati lile. Nililiwekea jicho. Niliona nyuma yake, na kitu cheupe kinang'aa, na ndani ya cheupe hicho kwato, moja mbele kidogo ya nyingine. Akasukuma. Ikatoka pua juu ya miguu, vizuri, kama inavyotakiwa. Nilikuwa nimeng'ata mkono wangu. Akasukuma, kichwa. Akasukuma, mabega, na baada ya mabega mwili wote ukateleza ukatoka, ukalala kwenye vumbi.

Haukucheza.

Ule utando mweupe ulikuwa bado umefunika pua. Punda alikuwa amelala, amechoka, hajageuka. Nilisubiri ageuke. Nikasema moyoni, geuka, mama, geuka umlambe. Ndani ya utando niliona pua inavuta, na utando unaingia nayo, kama nailoni mdomoni kwa mtoto.

Hapo sikuangalia tena nani anaona nani. Nilizunguka, nikaruka kile kitanda, na sijui magoti niliyapata wapi. Bismillahi. Nikachana utando kwa kucha, nikasafisha pua kwa gauni langu, nikatia kidole mdomoni nikatoa ute. Hapumui. Nikachukua jani kavu, nikamtia puani.

Akapiga chafya!

Chafya kubwa, mbichi, ilinilowesha uso wote. Masikio yake yakatikisika, na masikio yenyewe, wallahi, marefu kuliko yeye. Punda akageuza kichwa, akanguruma chini chini sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo, akaanza kulamba, mtoto pamoja na mkono wangu.

Ndipo nikapiga kelele. Kelele zote nilizokuwa nimezifunga asubuhi ile nilizitoa mara moja.

Walivuka barabara kama mvua. Mmeru alikuja na kikombe, Msomali alikuja na punje mdomoni, mke wa mwanangu alikuja bila viatu. Mturkana akapiga vigelegele vya kwao, sisi tukapiga vya kwetu, na wale wapita njia wawili wakapiga makofi. Punda alitutazama, na safari hii hakujali. Alikuwa ameshamaliza yake.

Lakini mimi nilikuwa bado, kwa sababu nilisema atanyonya.

Kusimama ilikuwa vita. Aliweka miguu ya mbele, akaanguka. Akaweka ya nyuma, akaanguka na pua. Mmeru akataka kumsaidia, Mturkana akamvuta sketi: "Wacha! Isimame yenyewe." Akasimama, miguu minne imeenda pande nne, anatikisika kama meza mbovu. Tukashangilia, akaanguka.

Alipopata kusimama kabisa akaanza kutafuta. Alinyonya mguu wa mbele wa mama yake. Alinyonya bati. Alinyonya gauni langu, akanyonya kiwiko cha Msomali.

"Nyuma! Nyuma!" tulikuwa tunaita wote.

"Huko ni mbele, mjinga wewe!"

"Usimtukane, amefika leo!"

Mwanangu aliingia katikati ya kelele hizo, vumbi la Kipsing mpaka kwenye nyusi. Hakuna aliyemsalimia. Alisimama nje ya kitanda cha chuma, akamwona yule mdogo. Mtoto akapita chini ya tumbo, akatokea upande wa pili, akarudi, akagonga kiwele kwa paji la uso, akainua shingo, akashika.

Sote tukainama kusikiliza. Ukasikia anavuta. Mkia wake mfupi, uliolowa, ulianza kupiga kushoto na kulia.

"Umeona?" nikamuuliza mwanangu.

"Nimeona, Mama."

"Kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu." Halafu akauliza, "Jike ama dume?"

Tukatazamana. Wanawake watano, na hakuna hata mmoja aliyeangalia. Mturkana akainama, akainua mkia. "Jike!" Vigelegele vikaanza upya.

Simu ya mwanangu ikalia mfukoni. Akaitoa, akaitazama, akaizima, akairudisha. Kisha akamuuliza mke wake panga liko wapi, na gunia. Mke wake akamuuliza ya nini, maana mtu ametoka safari hajanywa hata maji.

"Huyu ananyonyesha," akasema. "Atakula nini? Nimeona nyasi mbichi pale chini kwenye mtaro."

Akaenda kukata.